Pumzi: filamu ya dakika 21 inayongoja watazamaji wa Rufiji

Mwaka 1976 ilitoka filamu ya vita yenye mastaa wawili wakubwa wa enzi zile, Lee Marvin na Roger Moore, inayoitwa Shout at the Devil. Kisa chake kimechotwa kwenye jambo lililotokea kweli: manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijichimbia ndani ya Delta ya Rufiji mwaka 1914, ikazingirwa na Waingereza kwa miezi, ikafia humo humo Julai 1915. Ila ukiitazama filamu hiyo kwa hamu ya kuiona delta, utatoka mikono mitupu. Picha zilipigwa Afrika Kusini na Malta. Mchu wa Salale haumo, tope la Mbwera halimo.

Filamu ninayotaka kuipigia debe leo nayo ilipigwa Afrika Kusini. Rufiji haitajwi popote. Sehemu yake kubwa ni kuta za jengo lililofungwa, na iliyobaki ni jangwa. Hata hivyo sijaona filamu inayostahili zaidi kuwekwa mbele ya watu wa Kibiti, Nyamisati na Mbwera, na nashangaa kwamba imekaa zaidi ya miaka kumi na tano bila hata kuzungumzwa huko. Inaitwa Pumzi.

Aliyeiandika na kuiongoza ni Wanuri Kahiu, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1980. Watu wengi wanamfahamu kwa Rafiki ya mwaka 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuingia kwenye orodha rasmi ya tamasha la Cannes, ambayo ilipigwa marufuku nyumbani kabla hata wananchi hawajaiona. Kelele za Rafiki zimeifunika Pumzi, iliyotoka mwaka 2009, ikaonyeshwa tamasha la Sundance nchini Marekani Januari 2010, na mwaka huo huo ikapewa tuzo ya filamu fupi bora katika Tamasha la Filamu Huru la Cannes. Ina urefu wa dakika 21 tu. Huo urefu ndio ulioiponza. Majumba ya sinema hayauzi tiketi ya dakika 21, televisheni hazijui pa kuipachika, na wachuuzi wa DVD wa Kariakoo hawakuwa na sababu ya kuirudufu. Mwaka ule ule wa 2009 ilitoka District 9, ile ya viumbe wa angani waliokwama Johannesburg, na kila mtu akaikumbuka hiyo.

Kisa chenyewe hakina mizunguko. Ni miaka 35 baada ya Vita ya Tatu ya Dunia, vita iliyopiganwa kwa ajili ya maji. Juu ya ardhi hakuna kilichosalia. Watu wachache wa eneo la Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililozibwa liitwalo Maitu, yaani mama kwa Kikuyu. Umeme wao wanauzalisha wenyewe kwa miguu na mikono, juu ya mashine za mazoezi ambazo kila raia ana zamu yake. Maji yanagawiwa kwa kipimo. Mkojo haumwagwi, unatiwa kwenye mashine unasafishwa, unanywewa tena. Na jasho nalo linakamuliwa kutoka kwenye kitambaa ulichojifutia, linaingia kwenye chupa. Mwanadada aitwaye Asha, ambaye uso wake tunaupata kwa mwigizaji Kudzani Moswela, anatunza jumba la makumbusho ya viumbe vilivyotoweka. Usiku anaota mti. Kila akiota, mtambo unamgundua na kumwamuru ameze vidonge vya kuzuia ndoto.

Siku moja anapokea kifurushi kisicho na jina la mtumaji. Ndani mna udongo. Anaupima: hauna sumu ya mionzi, na una unyevu. Anachukua mbegu kavu iliyokuwa ikikaa makumbusho kama mabaki ya zamani, anaifukia kwenye ule udongo, anaitilia maji kidogo kutoka kwenye mgawo wake. Mbegu inaota. Anakwenda kwa Baraza linalotawala Maitu kuomba kibali cha kutoka nje akapande mche wake. Baraza linamkatalia. Nje kumekufa, wanamwambia, na anayesema vinginevyo anaota. Mengine yanayofuata ni ya mwanamke, mche na jangwa.

Nakuachia mwisho uuone mwenyewe.

Filamu za mtu mmoja anayepigania uhai wake tumeziona nyingi, na vibanda umiza vyetu vya kuoneshea filamu vimezipenda. Nani hamkumbuki Tom Hanks wa Cast Away, ya mwaka 2000, akipiga soga na mpira kisiwani? Will Smith wa I Am Legend, mwaka 2007, akizunguka na mbwa wake katika New York isiyo na watu? Matt Damon wa The Martian, mwaka 2015, akilima viazi kwenye sayari ya Mirihi kwa mbolea ya vinyesi? Tofauti zao ni za mandhari tu, ndani wanafanana. Mtu ametengwa na wenzake kwa ajali au kwa janga, akili na misuli yake inamfikisha mwisho wa kisa. Upweke ni umbali, na dawa yake ni chombo cha kumrudisha nyumbani au mtu wa kumpokea.

Upweke wa Asha ni wa namna nyingine. Yeye anaishi katikati ya watu. Anapishana nao kwenye korido, anapanga nao foleni, anatoka nao jasho kwenye mashine. Hakuna anayebisha hodi. Hakuna anayeuliza umeamkaje. Hatuoneshwi mama yake, ndugu yake wala shoga yake, na maneno yanayotoka kinywani mwa mtu katika filamu nzima ni machache mno. Ana ndoto moja maishani mwake na hana pa kuisimulia, kwa sababu kuisimulia ni kosa. Katika jamii zetu, ambamo ndoto ya usiku hufika kwa jirani kabla chai haijachemka, sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

Ndipo jangwani mambo yanapogeuka. Anapotoka nje ya kuta, kwa mara ya kwanza yuko peke yake kwa macho, na kwa mara ya kwanza hayuko mpweke. Ana mche mikononi. Anaushika, anaukinga na jua, anaupimia maji yake. Ule mche haumwokoi. Mtu angeweza hata kusema kwamba ndio unaommaliza, maana kila funda analoupa amejinyima yeye. Hapo Kahiu anaachana na wenzake wa Hollywood. Kwao swali ni je, huyu atapona? Kwake swali ni nini kitabaki hata kama huyu hatapona. Namweka karibu zaidi na filamu nyingine iliyosahaulika, Silent Running ya mwaka 1972, ambamo mlinzi mmoja amebaki angani na msitu wa mwisho wa dunia ndani ya chombo, akiamriwa auharibu arudi nyumbani. Lakini yule alikuwa na vijiroboti vya kumsaidia kumwagilia. Asha hana.

Sasa njoo Rufiji.

Mkulima wa bonde la Rufiji anaujua upweke wa kazi. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalifuatwa na Operesheni Rufiji: serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni ikawapeleka nyanda za juu kwenye vijiji vya ujamaa, kabla ya operesheni nyingine nyingi za vijiji nchini. Nyumba zilihama. Mashamba hayakuhama, kwa sababu rutuba iliyoletwa na mto haipandi mlima. Basi watu wakaendelea kushuka bondeni msimu wa kilimo na kukaa huko kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Ukikaa dunguni unaamia. Mchana ni kwelea kwelea, usiku ni nguruwe, na mahali pengine ni kiboko, ambaye hashtuliwi kwa kopo. Wiki kwa wiki mtu yuko juu ya nguzo na giza limemzunguka, kazi yake kuilinda mimea isiyojua hata kama inalindwa.

Lakini dunguni kuna kelele. Jirani wa dungu la pili anapaza sauti, nawe unaitikia, na yule wa ng'ambo anadakia. Hizo sauti zinamfukuza nguruwe, na wakati huo huo zinamweleza kila mtu kwamba mwenzake yu hai. Ningependa sana kumsikia mzee aliyekaa madunguni miaka arobaini akitoa maoni yake juu ya Maitu, jengo lenye umeme, maji ya kipimo na usalama wote, ambamo hakuna anayemwita mwenzake usiku.

Halafu kuna mbegu. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote wa mwambao huu wa Afrika Mashariki, kama hekta elfu hamsini na zaidi, na tangu mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa limeorodheshwa kimataifa kama ardhioevu yenye umuhimu wa pekee. Ndani ya msitu huo kuna mche unaofanya jambo ambalo mtunzi wa filamu angeonekana amezidisha kama angelibuni. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayoshuka kama miguu, haudondoshi mbegu kavu. Mbegu yake inaota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, inarefuka ikawa kijiti cha kijani ambacho chaweza kuzidi nusu mita, ndipo inapoachia. Ikidondoka wakati wa maji kupwa inaweza kujichoma kwenye tope na kuanza maisha pale pale. Ikidondoka bamvua, inachukuliwa na maji, inaelea siku nyingi, inakwama mahali pengine, inasimama. Anayepanda mkoko hahitaji kitalu: anaokota vijiti, anavichomeka. Mchu, mkoko wa aina nyingine, nao una tabia yake. Mizizi yake midogo huchomoza juu ya tope kwa mamia kuuzunguka mti, kwa sababu tope la delta halina hewa na mti lazima upumue.

Mtu aliyekulia kando ya miti hiyo akimwona Asha ameipakata mbegu aliyoikuta kwenye rafu ya makumbusho yenye jina la mama, hatahitaji kuelezwa chochote na wahakiki. Wahakiki wenyewe wameandika kurasa nyingi kuhusu Pumzi, wakiweka humo nadharia za Afrika ijayo na za mazingira, na baadhi ya kurasa hizo ni nzuri. Wengi wamemkumbuka Wangari Maathai, na wana haki: mwaka huo huo wa 2009 Kahiu alitengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu mama huyo, mwanzilishi wa vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na mshindi wa Nobeli ya Amani mwaka 2004. Ukimtazama Asha anavyosimama mbele ya Baraza na kopo lake la udongo, unamwona Wangari aliyekuwa akiitwa mkorofi kwa kupanda miti.

Nina ugomvi mmoja na filamu hii, na ni ugomvi ambao mpanda mikoko yeyote angeuanzisha kabla yangu. Asha anapanda kwa imani. Anatembea, anafika, anachimba, anapanda. Kwenye delta, hiyo ni njia ya uhakika ya kupoteza miche. Mikoko imepandwa maelfu kwa maelfu katika pwani nyingi za dunia na kufa yote kwa sababu aliyeipanda alikuwa na moyo ila hakuuliza maji yanafika wapi. Mlilana hukaa mbele, unapopigwa na bahari. Mkoko hupenda kandokando ya mito inayojaa na kupwa. Mkandaa na mchu huvumilia nyuma zaidi, palipo na chumvi. Ukiupanda mmoja mahali pa mwenzake, mapenzi yako hayatausaidia. Na kuna kaa, ambaye anakata mche mchanga shina likiwa bado laini. Filamu inayotaka tuamini kwamba funda la maji na kivuli cha mwili vyatosha, imerahisisha kazi kubwa.

Lakini naiwia radhi kwa sehemu, kwa sababu hoja yake si kilimo. Hoja yake ni ruhusa. Asha hakosi elimu. Ndiye mwenye vipimo, ndiye aliyeona mbegu ikiota kwa macho yake. Baraza lina uhakika lakini halijatoka nje. Kila kitu ndani ya Maitu kimejengwa juu ya kauli kwamba nje kumekufa, kwa hiyo kipimo kinachosema vinginevyo hakipimwi tena, kinateketezwa pamoja na maabara yake.

Watu wa delta wamewahi kukaa mbele ya meza ya namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuja mradi mkubwa wa kufuga kamba, wa maelfu ya hekta, ukapewa baraka serikalini. Delta kwenye karatasi ilionekana pori lenye matope linalosubiri mwekezaji. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo, wanaojua kamba anazalia wapi na mikoko inamfanyia nini, walipinga, na baadhi yao wakaenda mahakamani. Mabwawa yale hayakujengwa. Kamba wa asili wanaendelea kuvuliwa. Filamu ya Kahiu ingekuwa na mwisho tofauti kabisa kama Asha angekuwa na wenzake wa kwenda naye mahakamani, na hilo ni jambo zuri la kubishania mkishaitazama.

Nisije nikaonekana naipamba delta. Huko nako kuna ubishi wa ruhusa ambao haujesha. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali tangu enzi za Wajerumani. Mto nao katika miongo ya karibuni umepeleka maji yake mengi zaidi upande wa kaskazini, udongo wa huko ukapungua chumvi, ukawa mzuri kwa mpunga. Mkulima anayekata mikoko kulima mpunga anasema watoto wanataka kula. Ofisa wa misitu anasema mikoko ikiisha bahari itaingia hadi kwenye hilo shamba. Wote wawili wanasema kweli. Shamba lililokatwa mikokoni mara nyingi halidumu. Baada ya misimu kadhaa magugu na kaa humfukuza mwenyewe akatafute kipande kingine. Ndani ya Pumzi hakuna mtu mwenye njaa. Kwenye filamu ya dakika 21 sidai kila kitu, ila hapo mtazamaji wa Mfisini au Kiongoroni atakuwa na la kuongeza ambalo mwandishi wa filamu hakuliwaza.

Kuhusu maji, mambo yanageuka juu chini. Asha anatoka kwenye dunia ambayo maji yameisha. Rufiji ni maji yasiyokwisha, hadi yanakuwa adui: Aprili 2024 mto ulifurika ukazamisha mashamba na makazi ya watu Rufiji na Kibiti, na mapema mwezi uliofuata Kimbunga Hidaya kikatua karibu na Mafia. Bado, mwenye nyumba katika vijiji vya ndani ya delta anaweza kuzungukwa na maji pande nne na asiwe na ya kunywa, kwa sababu kisima kimeingiliwa na chumvi na maji baridi yako juu huko, safari ya mtumbwi na pondo. Mtu huyo anaijua chupa ya Asha. Anajua kumwaga kikombe ni nini. Tukio dogo ninalolipenda kuliko yote katika filamu hii ni la msalani, ambapo Asha anampa mfanyakazi wa usafi kiasi cha maji yake. Hakuna muziki wa kutulazimisha tulie. Ni mtu mmoja kumtilia mwenzake maji, ndani ya jengo ambalo kila tone limeandikwa. Baadaye mfanyakazi yule yule ndiye anayemsaidia kutoroka. Wakubwa wote wa Baraza wana mamlaka, na mlango unafunguliwa na mfagiaji.

Kuna kikwazo kimoja cha kweli. Filamu hii ina jina la Kiswahili lakini lugha yake ni Kiingereza. Kwa mtazamaji wa Nairobi au wa Cannes si tatizo. Kwa wa Kibiti ni mlango uliofungwa nusu, na inasikitisha kidogo kwamba kazi iliyozaliwa kwetu ilibidi ivae lugha hiyo ili ipate wafadhili na matamasha. Wafadhili wenyewe wanatajwa: mpango wa Focus Features wa kusaidia filamu fupi za Afrika, Goethe-Institut, na mfuko wa sanaa wa Changamoto. Simlaumu Kahiu. Pesa ya kutengeneza filamu ya aina hii, yenye majengo ya kubuni na mitambo isiyokuwapo, haiokotwi.

Bahati nzuri tuna watu wa kuufungua huo mlango. Tanzania ina fani yake ya kutafsiri filamu kwa mdomo. Lufufu na wenzake waliotamba Dar es Salaam, na vijana waliofuata waliojiita madijei, walizichukua filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani wakazisimulia kwa Kiswahili cha mtaani, wakaongeza chumvi, wakawapa wahusika majina ya Kimanzese, wakaeleza mila za watu wengine kwa mifano ya kwetu. Wasomi wa kigeni wamekuja kuiandikia vitabu fani hiyo, wakati sisi wenyewe tunaiona ya kihuni. Pumzi ni chakula cha msimulizi. Ina ukimya mrefu ambao dijei hodari anaweza kuujaza, au, akiwa hodari zaidi, kuuacha kama ulivyo. Ina Baraza la kukejeliwa. Ina mashine ya mkojo, ambayo peke yake itampa msimulizi dakika tatu za vicheko. Na fundi wa delta atajua mahali pa kunyamaza, mche unapotolewa nje juani.

Nitasikia mtu akiniambia kwamba watu wa kibanda wanataka ngumi na risasi. Sikubaliani. Watu wale wale wanakaa kimya saa mbili na nusu kwa filamu ya Kihindi ambamo mama anamtafuta mwanawe. Wanachotaka ni kisa kinachowahusu, na kiasi cha shilingi zao kisipotee bure. Zaidi ya hapo, dakika 21 ni muda mdogo sana wa kumlazimisha mtu. Abiria wa kwenda Mafia wanakaa Nyamisati wakisubiri chombo muda mrefu kuliko huo. Basi la kusini likisimama Kibiti, kushuka, kununua korosho, kula na kujibizana na konda juu ya mzigo huchukua karibu kiasi hicho.

Mwalimu wa sekondari anaweza kuitumia pia, na pengine ndiye wa kwanza kuanza. Wanafunzi wake wanasoma usanisinuru na mzunguko wa maji kutoka ubaoni, wakati mikoko iko nusu siku kwa boti. Awaoneshe Pumzi asubuhi ya Jumamosi, kisha awaulize: Asha angekuja delta na mche wake, mngemwambia aupande wapi? Atapata majibu ya biolojia, ya jiografia na ya uraia kwa mpigo, na kutoka kwa wanafunzi ambao kawaida hukaa nyuma, wale wanaokosa vipindi msimu wa kuamia. Watajua zaidi ya mwalimu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye vibanda vya Kibiti, Bungu na Ikwiriri, na kwa madijei wanaotafsiri. Ombeni kibali kwa wenye filamu, maana kazi ya mtu ni kazi ya mtu, na fuateni taratibu za Bodi ya Filamu kama mnavyozifuata kwa nyingine. Mkishaipata, msiipange peke yake. Itangulizeni kabla ya mpira. Mechi ikianza saa moja usiku, Pumzi ianze saa kumi na mbili na nusu. Itakuwa imekwisha, na ubishi juu ya ule mche utakuwa umeshapamba moto, kabla timu hazijaingia uwanjani.